Dawa ya minyoo imemsaidia punda au imepita tu? Mwongozo kamili wa kupima

Mwezi wa tano jirani yangu hapa Ipuli, Tabora, alinifuata na punda wake jike, yule anayevuta mkokoteni wa maji. Mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama kama nyasi za kiangazi. Mkononi ameshika chupa mbili tupu za dawa ya minyoo.

"Mtaalamu, dawa za siku hizi ni maji ya rangi. Nimemnywesha mara mbili ndani ya mwezi, na mwangalie mwenyewe."

"Pole mzee. Kabla hujamnywesha, ulimpima?"

"Nimpime nini tena? Si minyoo hiyo?"

"Na baada ya kumnywesha?"

Akacheka, akaniuliza kama nataka kumfanyia punda wake mtihani wa darasa la saba.

Mazungumzo hayo nimeyarudia Uyui, Sikonge, hadi Nzega kwenye punda wengi. Mwenye mnyama anajua alinunua dawa na anajua alimnywesha, lakini hana namba hata moja mkononi. Punda akikonda, dawa ni feki. Akinenepa, dawa ni kiboko, kumbe mvua zimeanza na majani yameota. Kwa macho huwezi kujua. Unahesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi kabla ya dawa, unahesabu tena siku ya 14 baada ya dawa, kisha unalinganisha. Kazi ni hiyo tu, ila ina vichochoro vingi vya kukosea, na nitakaa zaidi pale watu wanapokosea.

Kwanza, ujue unachohesabu

Punda na farasi hushirikiana karibu minyoo yote ya tumboni. Ndiyo maana viwango nitakavyotaja, ambavyo vingi vilipatikana kwa farasi wa Ulaya na Marekani, tunavitumia kwa punda wa huku. Farasi wenyewe Tabora ni kama hakuna. Mbung'o aliliamua hilo zamani, ndiyo maana pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa Wanyamwezi. Stanley, mwandishi aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alipoanza safari ya kuja Unyanyembe, eneo hili la Tabora, mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, na wote walikufa hata hawajaiacha pwani mbali. Mmoja alipopasuliwa alikutwa na minyoo mirefu meupe imejaa utumboni, na mingine mifupi minene imeng'ang'ania ukuta wa tumbo kama ruba. Mimi nadhani ile mifupi ilikuwa funza wa nzi, wale ambao nzi hutaga mayai yao kwenye manyoya ya mnyama naye akayalamba. Basi wageni wanaokuja kuangalia tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone, huwa nawasimulia habari za farasi kabla ya habari zake.

Kwa punda mkubwa, wenye nyumba ni minyoo jamii ya strongili. Ziko kubwa, ambazo minyoo yake michanga husafiri ndani ya mishipa ya damu ya utumbo na kuweza kuleta msokoto wa tumbo unaoua. Ziko ndogo, aina zipatazo 50, nyembamba kama uzi, na hizi ndizo zinazotusumbua leo kwa sababu ndizo zilizozoea dawa. Mtoto wa punda ana mnyoo wake mwingine, mweupe, mnene, mrefu kupita rula ya shule. Huyo mnyoo naye ameanza kuishinda dawa ya ivamektini katika nchi nyingi.

Mnyoo jike hutaga, mayai hutoka na kinyesi. Dawa ikiua minyoo mikubwa iliyomo utumboni, mayai yanakoma. Mayai yakiendelea kutoka, ama dawa haikumfikia mnyoo, ama imemfikia akaidharau.

Jambo moja litakalokushangaza siku ya kwanza: punda aliyekonda kuliko wote si lazima awe na mayai mengi. Katika kundi, wanyama wachache, kama wawili kati ya kumi, humwaga sehemu kubwa ya mayai yote yanayoanguka malishoni, na wanaweza kuwa walewale walionenepa wanaong'aa.

Hatua ya 1: Kusanya punda wa kutosha

Kwa punda mmoja jibu ni la kubahatisha. Tafuta sita au zaidi wanaochungwa pamoja. Kama unao wawili, ungana na majirani mnaotumia malisho yaleyale. Wenye mikokoteni ya maji wa mtaa mmoja wanaweza kufikisha idadi hiyo bila shida. Jirani yangu alikuwa na punda wanne, akamshawishi shemeji yake mwenye wawili.

Wasiwe wamepewa dawa yoyote ya minyoo ndani ya wiki 8 zilizopita. Kwa jirani yangu hapo ndipo tulipokwama: chupa mbili ndani ya mwezi mmoja, tulikuwa hatuna pa kuanzia. Ilibidi tusubiri. Hakufurahi.

Punda wachanga wa chini ya mwaka waandike kwenye karatasi yao peke yao. Minyoo yao ni tofauti na hesabu yao itachafua ya wakubwa.

Hatua ya 2: Chukua kinyesi kikiwa na joto

Nenda bandani alfajiri, kabla ya kufunga mikokoteni. Punda akiamka huwa hachelewi. Subiri adondoshe, kisha chukua vidonge vitatu vinne kutoka sehemu mbalimbali za rundo, vile visivyogusa udongo. Geuza mfuko wa nailoni uwe glavu, shika, ugeuze tena, ukamue hewa yote, ufunge. Andika jina la punda kwa kalamu ya wino usiofutika. Usiseme utakumbuka. Mifuko sita ya mavi ya punda inafanana.

Ukitaka kuchukua moja kwa moja kutoka njia ya haja kubwa, awepo mtu wa kumshika kichwa, nawe simama ubavuni. Asante ya punda ni mateke, na hapo utapewa bila hata kufanya fadhila.

Hewa na joto ndivyo adui wa sampuli. Oktoba ya Tabora inaweza kuangua mayai ndani ya siku moja, na yai lililoanguliwa halihesabiki. Ukishafunga mfuko, uweke kivulini kando ya mtungi wa maji, au kwenye friji kama ipo, lakini si kwenye sehemu ya kugandisha. Hesabu siku hiyohiyo. Ikibaki frijini, siku mbili tatu inavumilia.

Huna darubini? Hapa Tabora kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, kinachohudumia kanda ya magharibi. Ukiwa wilayani, anza na afisa mifugo wa kata. Ukifika na sampuli mbichi, zenye majina, na ukaeleza kuwa unataka idadi ya mayai kwa gramu wala si kuambiwa tu "ana minyoo", utakuwa umewarahisishia kazi. Jibu la "ana minyoo" halikusaidii kitu. Karibu kila punda anayekula majani anayo.

Hatua ya 3: Elea, hesabu

Hii ni kwa wataalamu wa vijijini na vikundi vilivyonunua darubini. Mfugaji wa kawaida anaweza kuipitia harakaharaka, lakini akiielewa hatadanganywa.

Tengeneza maji ya chumvi yaliyoshiba. Chemsha maji lita moja, tia chumvi huku unakoroga, ukaribie gramu 360, mpaka ibaki inayogoma kuyeyuka chini ya sufuria. Acha yapoe, chuja. Chumvi ya Uvinza inayoshuka na treni inafaa sawasawa na ya pakiti, ilimradi ichujwe mchanga. Maji haya ni mazito kuliko yai la mnyoo, hivyo yai linaelea na uchafu mwingi unazama.

Pima gramu 4 za kinyesi. Mizani ndogo ya vito inatosha. Ongeza mililita 56 za maji ya chumvi, ponda na koroga mpaka mafundo yote yavunjike, kisha chuja kwa kichujio cha chai. Kichujio hicho kisirudi jikoni, tafadhali. Mimi nililala na njaa siku moja kwa kosa hilo.

Koroga tena, na palepale, kabla mayai hayajapanda juu ya kikombe, vuta kwa pipeti na ujaze vyumba viwili vya kioo cha McMaster. Hiki ni kioo chenye mistari, kila chumba kikishika mililita 0.15 chini ya mistari yake. Kiache kitulie dakika 5 mayai yapande kugusa kioo cha juu. Weka darubini kwenye ukuzaji wa mara 100 jumla. Hesabu mayai yote yaliyo ndani ya mistari kwenye vyumba vyote viwili, zidisha kwa 50. Hayo ni mayai kwa gramu.

Yai la strongili ni la mviringo mrefu, ganda jembamba linalong'aa, na ndani kuna kijishada cha chembe kama zabibu zilizobanana. Yai la yule mnyoo mkubwa wa watoto ni duara, rangi ya kahawia, ganda nene lenye ukwaru. La tegu lina pembe kama herufi D iliyobonyea, nalo huonekana mara chache hata kama tegu wapo, kwa hiyo usilitegemee.

Na vipovu vya hewa? Duara kamili, ukingo mweusi mnene, ndani patupu. Nikiwa chuoni niliwahi kutangaza mbele ya darasa kwamba punda wa mkufunzi ana mayai 3,400 kwa gramu. Mkufunzi akainama kwenye darubini, akakaa kimya kitambo, akaniuliza kama huwa napenda soda.

Kumbuka pia kwamba kwa njia hii yai moja uliloliona ni 50. Kwa hiyo sifuri maana yake hukuona, si kwamba hayapo kabisa. Punda mwenye chini ya 200 mwanzoni usimweke kwenye hesabu ya kupima dawa. Mayai yake ni machache mno kuweza kuonyesha yamepungua kiasi gani. Huyo muache, hata dawa haihitaji kwa sasa.

Hatua ya 4: Pima uzito, usikisie

Hapa ndipo dawa nyingi nzuri zinapopewa jina baya. Watu hukisia uzito wa punda kwa kumlinganisha na mbuzi mkubwa au ndama, na karibu kila mara wanakisia chini. Mnyoo aliyepewa nusu dozi hafi. Anajifunza.

Chukua futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, punda akiwa amesimama sawasawa, futi imekaza bila kuzama kwenye nyama. Fomula iliyotokana na kupima punda wa kazi wa Moroko inatoa makadirio haya: sentimeta 95 ni kama kilo 80, 100 ni kilo 91, 105 ni kilo 104, 110 ni kilo 117, 115 ni kilo 132, 120 ni kilo 148. Andika namba hizi ukutani bandani. Ona jinsi sentimeta 5 tu zinavyobadilisha kilo 11 hadi 16. Futi iliyolegea ni dozi iliyopotea.

Sasa dozi. Fenbendazoli kwa farasi hutolewa miligramu 7.5 kwa kila kilo. Punda wa kilo 120 anahitaji miligramu 900: chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, hivyo mililita 9, chupa ya asilimia 2.5 ina 25 tu, hivyo mililita 36. Rafu moja, jina moja, na tofauti ni mara nne. Soma asilimia kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Ivamektini kwa kinywa ni miligramu 0.2 kwa kilo, maana yake punda huyohuyo anahitaji miligramu 24.

Dawa nyingi za dukani zimeandikwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Punda hayupo kwenye karatasi. Usimkasirikie muuzaji, ila muone mtaalamu wa mifugo kabla hujageuza maelekezo ya ng'ombe yawe ya punda, hasa kwa haya:

Levamisoli, iliyojaa madukani na nafuu, haifai kwa jamii ya farasi. Kati ya dozi inayotibu na inayodhuru nafasi ni finyu.

Ivamektini ya sindano ya ng'ombe ikichomwa punda inaweza kuvimbisha vibaya mahali ilipoingia, na kuna farasi waliopata maambukizi makali ya bakteria hapo. Ya kumeza ndiyo njia yake. Kuna ya uji mzito kwenye bomba, iliyotengenezwa kwa farasi, asilimia 1.87, bomba la kawaida linatosha farasi wa kilo 600, hivyo mnaweza kugawana punda wanne au watano mkiwa na kipimo kizuri. Si duka lolote la Tabora utakaloikuta, lakini unaweza kuiagiza.

Albendazoli mjamzito wa miezi ya mwanzo asipewe.

Moksidektini hukaa kwenye mafuta ya mwili. Punda aliyekonda hana mafuta, na mtoto mchanga hali kadhalika. Kwao inaweza kuwa sumu.

Hatua ya 5: Hakikisha imemezwa

Ng'ombe tunamnyanyua kichwa na kumimina kwa chupa ya soda. Punda usimfanyie hivyo. Dawa itaingia mapafuni, au ataihifadhi shavuni kwa adabu kabisa mpaka ugeuke, halafu aiteme.

Kwanza asiwe na majani mdomoni. Mwangalie, mtoe, msubiri. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo lisilo na meno. Pitisha hapo, lielekeze nyuma ya ulimi, sukuma polepole. Mshikilie kidevu kimeinuka kidogo, upapase koo mpaka uone amemeza. Kisha tazama chini. Ukiona tone la dawa kwenye vumbi, liandike kwenye daftari pembeni ya jina lake. Siku ya 14 utanishukuru.

Wote wapewe siku moja, dawa moja, chupa moja. Andika tarehe, jina la dawa, asilimia, tarehe ya kuisha muda, na ilikowekwa. Dawa iliyokaa miezi juu ya kabati chini ya bati la Tabora si ile iliyotoka kiwandani.

Hatua ya 6: Siku ya 14

Si ya 7, si ya 30. Ukiwahi sana unaweza kukuta minyoo imezimia tu, imeacha kutaga kwa muda lakini ipo hai. Ukichelewa sana, michanga iliyokuwa imejificha kwenye ukuta wa utumbo itakuwa imekua na kuanza kutaga, nawe utailaumu dawa kwa minyoo ambayo haikuwepo.

Punda walewale, mtu yuleyule wa kuhesabu, maji ya chumvi yaleyale. Katikati hapo usiwape kitu kingine cha minyoo, hata ile mizizi ya mama mkwe.

Hatua ya 7: Fanya hesabu

Jumlisha ya kabla. Jumlisha ya baada. Toa ya baada kwenye ya kabla, gawa kwa ya kabla, zidisha kwa 100.

Kwa mfano, punda sita walikuwa na 800, 1,150, 350, 1,500, 600 na 400. Jumla 4,800. Baada ya siku 14 wana 0, 50, 0, 150, 0 na 0. Jumla 200. Zimepungua 4,600, yaani asilimia 95.8.

Nzuri? Inategemea dawa. Kwa fenbendazoli, zaidi ya 95 ni dawa inayofanya kazi. 90 hadi 95 ni mashaka. Chini ya 90 ni usugu, yaani minyoo imeizoea dawa. Kwa ivamektini na moksidektini kipimo ni kikali zaidi: inatakiwa ipite 98, kati ya 95 na 98 ni mashaka, chini ya hapo ni usugu. Piranteli, dawa ya jamii nyingine, inaruhusiwa kuwa juu ya 90, mashaka hadi 85. Kwa hiyo 95.8 ileile ni cheti cha ushindi kwa dawa moja na kengele ya hatari kwa nyingine. Mtu akikuambia "dawa imepunguza minyoo kwa asilimia 90" bila kutaja dawa, amekuambia nusu ya habari.

Matokeo yakiwa mabaya

Kabla hujatamka neno usugu, rudi kwenye daftari. Nani alitema? Uzito ulipimwa au ulikisiwa? Chupa ilikuwa imekwisha muda? Kama kati ya sita mmoja tu ndiye aliyebaki na mayai mengi na wengine ni sifuri, mshuku yule mmoja na shavu lake kabla hujaishuku dawa.

Vyote vikiwa sawa, rudia mara moja kwa dawa ileile. Ikishindwa tena, badilisha jamii ya dawa. Jamii, si jina la kwenye karatasi. Hili linaniudhi kuliko yote: mfugaji anaacha albendazoli ya chupa ya kijani ananunua fenbendazoli ya chupa ya bluu, analipa zaidi, anaamini amebadilisha. Hizo ni ndugu wa tumbo moja. Mnyoo aliyeishinda moja ameshaishinda nyingine. Jamii ya pili ni ivamektini na moksidektini, nazo ni ndugu. Piranteli iko peke yake. Dawa zilizobaki kwa punda hazijai hata vidole vya mkono mmoja, na hakuna foleni ya mpya zinazokuja.

Ndiyo sababu nawaambia watu wasinyweshe kila punda kila miezi mitatu kwa kalenda. Pimeni mwanzo wa mvua, Novemba hadi Desemba, na mwisho wa mvua, Aprili au Mei. Mwenye mayai zaidi ya 500 apewe. Mwenye 200 hadi 500, mtazame hali yake na kazi yake. Punda wa kuvuta matofali namtibu, wa kupumzika namwacha. Mwenye chini ya 200 asipewe kila mara. Minyoo yake ambayo haijaonja dawa itazaana na ile sugu na kuupunguza nguvu usugu wake. Ukiua yote dhaifu, umewaachia masugu shamba peke yao. Wazee wengi hulikataa hili mara ya kwanza. Na mimi nilikataa.

Ambayo kipimo hiki hakiyaoni

Michanga ya strongili ndogo inaweza kujificha kwenye ukuta wa utumbo kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila kutaga yai. Punda anaharisha, anakonda, kipimo kinasema sifuri. Mtoto wa punda naye anaweza kuugua kabla minyoo yake haijakomaa kutaga. Minyoo bapa ya ini, inayopatikana kwenye mbuga zenye maji na konokono, mayai yake ni mazito na hayaelei kwenye chumvi. Yanahitaji njia ya kuzamisha.

Na kuna kukonda kusikohusiana na minyoo kabisa. Miombo yetu ina mbung'o. Punda anayetoka kubeba mkaa upande wa Sikonge au Kaliua akarudi analegea nyuma, ufizi umepauka, homa inakuja na kuondoka, huyo apimwe damu kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kabla ya chupa yoyote. Punda mzee anayedondosha majani yaliyotafunwa nusu, fungua mdomo uangalie meno. Magego yake huota makali pembeni na kumchana shavu. Na yupo punda ambaye ugonjwa wake ni mapipa sita ya maji kutoka asubuhi hadi jioni bila pumba. "Punda afe mzigo ufike" ni msemo wa mtu ambaye hajawahi kununua punda mwingine.

Malisho, kwa ufupi

Yai likianguka kwenye majani mabichi wakati wa mvua, ndani ya kama wiki moja limekuwa mnyoo mchanga ulio tayari kuliwa. Kuzoa kinyesi mara mbili kwa wiki kunakata mzunguko huo kuliko dawa yoyote, na ni bure. Kirundike mpaka kichemke chenyewe kabla ya kukipeleka bustanini. Kiangazi jua linafanya kazi hiyo kwa ajili yako. Kuchanganya punda na ng'ombe malishoni pia kunasaidia, maana minyoo mingi ya punda ikimezwa na ng'ombe hufia humo.

Punda wa jirani tulimpima mwishoni mwa mwezi wa saba, wiki 8 kamili baada ya chupa ya mwisho. Mayai 1,900. Futi ikasoma sentimeta 116. Yeye alikuwa akimnywesha kwa kilo 80 kwa sababu "si punda tu huyu". Safari hii alipewa fenbendazoli ileile aliyoiita maji ya rangi, kwa uzito wake wa kweli, na hakutema hata tone. Siku ya 14 tulikuta 50. Kundi zima la sita lilipungua kwa asilimia 96. Tulipomfungua mdomo tukakuta gego la juu kushoto limechongoka kama kisu, na mtaalamu wa meno ya farasi huku hakuna, kwa hiyo daktari wa mifugo alikuja na tupa akalisawazisha, watu wanne tukiwa tumemshikilia. Tarehe ya kupima tena, tarehe 28 Novemba, jirani ameiandika kwa mkaa kwenye mlango wa banda, chini ya namba za futi.